Wimbo Uliotafsiriwa Bandarini

Jumamosi mchana barabara kuu ya Kings Heath, mtaa wa huku kwa Waingereza, haina adabu. Watu wanapigana vikumbo na mifuko yao, vigari vya watoto vinakanyaga vidole vya miguu, na mvua inanyunyiza tu, haikubali kunyesha wala kuacha. Ndani ya duka la Vinubhai, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na ambaye mpaka leo hukasirika kwa Kiswahili, mikono miwili ilishika fungu moja la sukuma wiki. Lilikuwa la mwisho.

Mkono mmoja ulikuwa wa Samsam, binti wa Garissa anayeuza miwani huko Northfield, hijabu yake ya zambarau imebanwa vizuri na koti jeusi limemfika vifundoni. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye jaketi ya jinzi na raba nyeupe kupita kiasi kwa hali ya hewa ile.

"Dada, hii nimeshika mimi kwanza," kijana akasema.

"Wewe umeshika majani. Mimi nimeshika shina."

Vinubhai akawanyang'anya wote wawili, akafungua uzi na kuligawa fungu katikati. "Nusu haitoshi mtu," alisema akiwapa kila mmoja chake. "Mkiona njaa, pikeni pamoja. Lakini msinizibie mlango wa duka."

Walitoka nje wakicheka, na kicheko kile ndicho kilichowaponza. Kijana aliitwa Zakariye. Alikulia Eastleigh, Nairobi, sasa alifanya kazi ghalani Erdington, na wikendi alikuwa mtu mwingine kabisa: alirap kwa Kiswahili, na vijana wa London hadi Brussels walikuwa wakilipa kumsikiliza. Samsam alimwambia hapo hapo kwamba rap humuumiza kichwa. Zakariye akasema basi atapunguza sauti.

Treni inayopita Erdington ndiyo hiyo hiyo inayoshuka hadi Northfield, na Zakariye aliitumia vibaya. Alikuja kupimwa macho, yakakutwa mazima. Akaja tena kudai yameharibika tangu amwone Samsam, mpaka meneja akaanza kumsalimia kwa jina. Siku ambazo hakuja, alipiga simu.

"Uko wapi?" Samsam angeuliza.

"Kwa train."

"Inaenda wapi?"

"Inakuja kwako, macaanto. Zote huku zinakuja kwako."

Macaanto kwa Kisomali ni mtamu wangu, na Samsam alijifanya hapendi kuitwa hivyo mbele ya wateja. Alipenda sana.

Hatimaye jambo likafika kwa baba yake. Mzee Daud ni mfanyabiashara wa vitambaa, husafiri Dubai na Nairobi kila mara, si mtu wa maneno mengi. Kwa desturi wazee wa mvulana wangetosha kuja kuposa, mvulana mwenyewe akae kwao atulize moyo. Lakini Mzee Daud aliposikia neno mwanamuziki alitoa sharti moja tu: kijana aje mwenyewe, na aje kwa wakati. Mtu wa jukwaani alitaka kumwona kwa macho yake. Siku ikapangwa, Jumapili baada ya swala ya adhuhuri.

Zakariye alikuwa na shoo Brussels Ijumaa ile. Samsam alimsihi asiende. Akajibu kwamba Jumapili asubuhi atakuwa amerudi, na kwamba ana kitu anamletea, si cha kununua. Ulikuwa wimbo. Alikuwa ameurekodi kwenye simu, wimbo wa Samsam peke yake, na alikusudia Samsam awe wa kwanza duniani kuusikia.

Jumapili ikafika. Samsam alivaa dirac ya rangi ya machungwa, vazi lile la hariri jepesi linalopepea hata mtu akisimama, na nyumba nzima ikanukia iliki na uvumba. Wazee wa Zakariye wakaja na suti zao, wakaketi, wakanywa chai. Kiti kimoja kikabaki wazi. Mjomba wake Zakariye alitoka nje kupiga simu, akarudi, akatoka tena. Simu ilikuwa imezimwa. Wali ukaliwa, hakuna aliyetaja posa, na wageni wakaaga wakiangalia viatu vyao. Juu chumbani Samsam alivua dirac na kuikunja vizuri sana, kwa hasira.

Na Zakariye alikuwa wapi? Alikuwa bandarini, hatua chache kabla ya meli, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Walikuwa wawili ndani ya gari, yeye na Héritier, DJ wake, Mkongo wa Bukavu mwenye mwili mkubwa na moyo mwepesi. Mbele yao kulikuwa na gari la bendi nyingine, vijana wazungu wenye nywele ndefu na magitaa. Afisa aliwauliza wanapiga muziki gani, akawatania, akawapisha. Zamu yao ilipofika waliulizwa swali hilo hilo. Zakariye akajibu rap. Afisa akamtazama uso, akatazama mahali alipozaliwa kwenye pasipoti, akawaonyesha waegeshe pembeni.

Mbwa alipitishwa ndani ya gari. Spika zilifunguliwa kwa bisibisi. Waliulizwa ni wa genge gani, nani anawatuma, mbona wanasafiri na simu mbili, ambazo walinyang'anywa zikazimwa. Baadaye afisa akaiwasha ya Zakariye, akaukuta ule wimbo, akaubonyeza, na kwa kuwa haelewi Kiswahili, akamwamuru Zakariye autafsiri mstari mmoja mmoja. Kila mstari ulikuwa na maswali yake, na mwenzake akaandika majibu. Walipomaliza waliurudia tangu mwanzo, labda safari hii mapenzi yangegeuka kitu kingine.

Jioni waliachiliwa bila kosa wala samahani. Wakavuka. Héritier alitaka kuzungumza, Zakariye hakutaka.

Sasa msomaji, hapa ndipo kijana alipokosea, na ningekuwa karibu ningemzaba kofi. Alipompigia Samsam alisema gari iliharibikia njiani na simu ikaisha chaji. Alifikiri hivi: mtu wa kuharibikiwa na gari ni mzembe, na mzembe husamehewa. Lakini Msomali aliyezuiwa mpakani? Habari ingefika msikitini kabla yake. Watu wangesema hawashiki mtu bure, na Mzee Daud angefunga mlango milele. Akachagua kuwa mzembe.

Samsam alimtukana kidogo, akalia kidogo, akamsamehe. Uongo ungeweza kuishi miaka, kama si Héritier kuingia dukani kwa Vinubhai kununua samaki wa chumvi. Samsam alikuwa pale. Alimsalimia na kumtania, akauliza kama ile gari yao mbovu imepata dawa.

"Ile gari iko muzima kabisa, dada," Héritier akasema kwa fahari. "Haijatusumbua hata siku moja. C'est du solide, imara kabisa." Kisha akaona uso wa Samsam. Alilipia samaki wake, akasema amuulize Zakariye mwenyewe, na akatoka mbio kwa jinsi mwili ule ulivyomruhusu.

Samsam alipiga simu akiwa bado mlangoni mwa duka.

"Zakariye, gari iliharibikia wapi?"

"Karibu na Lille."

"Héritier anasema gari ni nzima."

Mabasi mawili yalipita.

"Sam, please. Usiniulize hiyo."

"Ni msichana?"

"Wallahi si msichana."

"Basi ni nini? Niambie tu. Nitaelewa."

"Siwezi," Zakariye akasema. Samsam akakata simu, na mapenzi yakaingia baridi. Zakariye alipita Northfield, akaambiwa na meneja kwamba Samsam hayupo, ilhali kisigino cha kiatu chake kilionekana chini ya pazia la chumba cha kupimia macho.

Mzee Daud aliiona hali ya binti yake. Jioni moja, akila mlo wake jikoni, alimuuliza yule mwanamuziki ameishia wapi. Samsam akamweleza yote akiosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi: kwamba alidanganya gari iliharibika, kwamba hataki kusema alikuwa wapi, kwamba mwanamume wa hivyo heri amwache sasa.

Mzee alitafuna polepole. "Walipita bandari?"

"Ndiyo, Aabo. Walikuwa na gari."

"Na simu ilikuwa imezimwa kutwa?"

"Kutwa nzima."

Mzee akasukuma sahani. "Mimi nikitoka Dubai, ndege yangu huwa inafanya nini?"

"Inachelewa. Kila mara inachelewa. Mama huwa anaweka chakula kwa—" Samsam akaacha sufuria.

"Ndege hazichelewi hivyo, Samsam."

Akamweleza, kwa Kiswahili, lugha anayoitumia jambo likimwelemea. Kila akitua huzuiwa uwanjani, na chumba ni kile kile. Huvua viatu na mshipi, nguo za biashara humwagwa mezani, na kijana wa umri wa mwanawe humuuliza anamjua nani. Mambo hayo alidhani ameyaacha Eastleigh, ambako polisi walizoea kuwafagia Wasomali usiku. Samsam aliuliza kwa nini hakuwaambia miaka yote hii.

"Nilitaka nikiingia mlango huu niwe baba yenu tu," mzee akasema. "Huko nje nishakuwa kila kitu."

Samsam alilia huku amemshika baba yake bega, na ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu kubwa mno kiasi cha kumtia aibu. Hakukuwa na msichana. Hakuwa amechezewa. Zakariye alikuwa amenyamaza kama baba yake alivyonyamaza, na kwa sababu ile ile.

Kesho yake hakusubiri treni imletee mtu. Aliipanda mwenyewe, mara ya kwanza kwenda upande ule, akiwa na hijabu ya zambarau. Zakariye alipotoka kazini na kufika stesheni ya Erdington, fulana yake ya kazi ina vumbi la maboksi, alimkuta ameketi kwenye benchi.

"Uko wapi?" Samsam akauliza, kana kwamba wanaongea kwa simu.

Zakariye alisimama hapo hapo mbele yake.

"Aabo ameniambia. Yeye ndege yake huchelewa, wewe gari yako huharibika. Nyinyi wanaume, aki, mtatuua."

Zakariye akaketi. Na hapo yakamtoka yote, spika, mbwa, yule afisa aliyeandika majibu. Alisema alivyoogopa kwamba Samsam na baba yake hawatamwamini. Lakini la mwisho ndilo lililomuuma zaidi ya yote: wimbo ulikuwa zawadi yake, na watu wawili walioutafuta uhalifu ndio waliousikia kwanza. Tangu siku ile ameshindwa hata kuufungua.

Samsam alinyoosha mkono. "Lete simu."

"Sam."

"Lete. Sasa mimi ndio afisa. Na usinidanganye."

Akabonyeza. Sauti ya Zakariye ikatoka, ya chini, haimuumizi kichwa mtu. *Fungu moja la mboga tuligawana wawili, leo nataka tule sahani moja.* Samsam akasimamisha.

"Mboga gani hiyo?"

"Sukuma wiki. Walidhani ni bangi."

"Uligawana na nani?"

"Na dada mmoja mkorofi. Aliniambia nimeshika majani."

Zakariye alianza kutabasamu, na Samsam pia, ingawa macho yalikuwa na maji. Mstari kwa mstari wakaenda hivyo, Samsam akiuliza, Zakariye akijibu, na kila jibu likitoa mkono wa watu wale juu ya wimbo. Ukabaki mstari mmoja. Samsam akakaza uso wa afisa.

"Huyu unayemwimbia ni nani kwako?"

Zakariye akainama. "Pia waliuliza hiyo."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ni mke wangu."

Samsam akamrudishia simu. "Kumdanganya afisa wa mpakani ni kosa kubwa."

"Najua."

"Basi Jumapili njoo na wazee wako, tulirekebishe kosa hilo kabla hujasafiri tena." Akasimama, akakung'uta koti. "Na Aabo amekutumia salamu. Amesema ukizuiwa tena usifiche wala usinyamaze. Umpigie yeye. Atakuja mwenyewe kukuchukua."

Zakariye alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi, akalia. Samsam aliketi tena, akamngoja. Treni ya Northfield ilipoingia walipanda pamoja, wakapata viti karibu na dirisha, na Zakariye akauanza wimbo upya kwa sauti yake mwenyewe, safari hii bila kutafsiri.