Hostia Ndani ya Daftari

Kila asubuhi kabla ya shule, Divine alimsaidia mama yake kuanika ndagala, wale dagaa wadogo, ufukweni mwa ziwa huko Kalundu. Kisha alinawa mikono kwa ndimu, maana darasani kulikuwa na pua zisizosamehe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ulimi mwepesi, na hakika ya mambo yote. Mwalimu akiuliza swali, mkono wa Divine ulikuwa juu kabla swali halijafika mwisho.

Njiani alimpitia Blandine, mwenzake wa benchi tangu darasa la kwanza. Waligawana mihogo, kalamu, na mara nyingine adhabu. Kitu kimoja tu hawakugawana, nacho ni kanisa. Papa Toussaint, baba yake Divine, alikuwa fundi wa mitumbwi na shemasi katika kanisa la Kipentekoste karibu na ziwa. Blandine alikuwa Mkatoliki, tena kwenye misa alivaa kanzu nyeupe na kumtumikia padri altareni.

Shule yao ilikuwa ya masista na ilipokea watoto wa makanisa yote. Jumanne moja Sista Léocadie, mkuu wa shule, alifundisha juu ya sakramenti, ishara takatifu ambazo Wakatoliki huamini kwamba Mungu huwapa watu neema kupitia kwazo. Alizihesabu kwa vidole: ubatizo, kipaimara, ekaristi, kitubio, mpako wa wagonjwa, daraja takatifu na ndoa. Saba.

Mkono wa Divine ukapanda.

"Sista, kwetu iko mbili tu. Ubatizo na meza ya Bwana. Na hatusemi sakramenti, tunasema maagizo, juu Yesu mwenyewe ndiye aliagiza."

"Asante, Divine. Wakristo hatuhesabu sawasawa," alijibu Sista. "Hata juu ya mkate hatusemi neno moja. Sisi tunaamini kwamba katika misa mkate, ile hostia, unakuwa kweli mwili wa Kristo. Kwenu ni ukumbusho wa kifo chake. Haya, msikilizane."

Saa ya mapumziko hawakusikilizana hata kidogo.

"Zile tano zingine mulizipoteza wapi?" Blandine alimtania. "Na ule ubatizo wenu wa ziwani, si kuoga tu?"

Wasichana wengine wakaangua kicheko. Divine alizoea kuchekesha, hakuzoea kuchekwa.

"Na hostia yenu?" alijibu kwa hasira. "Iko mukate tu, tena hauna hata chumvi!"

"Weye uliionja lini?"

"Ngoja. Minye nitakuletea, utaona."

Kusema kweli, Divine hakuona ubaya wowote. Kanisani kwao, ibada ikiisha, mkate uliobaki mezani ulihesabiwa kuwa mkate wa kawaida. Mashemasi waliwagawia watoto uani, na Divine alikuwa hodari wa kupata kipande kikubwa. Alidhani mambo ni hivyo kila mahali.

Ijumaa ilikuwa siku ya misa ya shule. Siku zote wasiokuwa Wakatoliki walibaki wamekaa wakati wenzao wanapokea hostia. Siku hiyo Divine alisimama, akaingia katikati ya mstari. Padri Firmin hakuwajua watoto wote kwa sura. "Mwili wa Kristo," alisema. "Amina," alijibu Divine bila kutetemeka. Blandine, aliyeshika kisahani pembeni ya padri, alimtolea macho rafiki yake, lakini hakusema kitu. Divine akajifanya kupeleka mkono mdomoni kama wengine, akageuka, na aliporudi mahali pake akaificha hostia ndani ya daftari la dini.

Mtoto mmoja wa kwaya aliona mkono ukiingia daftarini. Alimwona mtu huyo kwa nyuma tu, na kwa nyuma wasichana wote wa shati jeupe na sketi ya buluu wanafanana. Misa ilipokwisha, alimwambia Sista Léocadie, naye akaja kusimama mbele ya darasa la sita. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna mtu ameondoka na hostia. Blandine, wewe ulikuwa karibu. Ni nani?"

Blandine akaelewa yote mara moja. Akaangalia viatu vyake.

"Siwezi kusema, Sista."

"Basi kanzu yako itabaki kabatini mpaka ukweli utoke."

Jumapili ile mdogo wake Blandine angepokea ekaristi kwa mara ya kwanza, na Blandine ndiye aliyepangwa kutangulia mbele yake na mshumaa. Nyanya yao alikuwa njiani kutoka Bwegera na mchele wa sikukuu. Divine alijua hayo yote, kwa kuwa mwezi mzima hawakuzungumza jambo lingine. Alitaka kuinua mkono. Mkono ule uliozoea kupanda, leo ulikataa. Kengele ikalia, Blandine akaondoka peke yake akilia.

Divine alikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Papa Toussaint alikuwa akipiga randa ubao wa mtumbwi.

"Papa, ona," alisema akifungua daftari. Alitamani sana kusikia maneno ya kumtuliza. "Iko mukate tu, si ndiyo?"

Papa Toussaint aliiweka randa chini. Hakuigusa ile hostia.

"Umeitoa wapi?"

Divine alieleza yote, mpaka adhabu ya Blandine.

"Minye siamini vile wao wanaamini," Papa alisema taratibu. "Kwangu mukate wa Bwana ni ukumbusho, na nitasema vile mbele ya muntu yeyote. Lakini sikukufundisha kuiba kwa meza ya wenzetu."

"Sikuiba, Papa. Walinipa."

"Walikupa juu ulijionyesha kama muntu wao. Ulisema Amina. Amina yako ilikuwa uongo, na sasa rafiki yako ndiye anaulipa. Twende."

"Papa, weye uniombee msamaha."

"Hapana. Mudomo uliosema Amina, huo huo utaomba na musamaha."

Waliwakuta Padri Firmin na Sista Léocadie parokiani. Papa Toussaint alibaki mlangoni. Divine akasogea peke yake, akaweka daftari mezani.

"Ni mimi, Padri. Nilitaka kumuonyesha Blandine kama ni mkate tu. Yeye hana kosa. Alinificha juu mimi ni rafiki yake."

Alingoja kugombezwa. Padri Firmin hakupaza sauti. Alichukua kitambaa cheupe, na kabla ya kugusa chochote, akapiga goti sakafuni, yeye na mwili wake mkubwa na magoti yake ya uzee. Akaiinua ile hostia kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kitambaa. Mlangoni, Papa Toussaint akavua kofia. Aibu ikampanda Divine mpaka masikioni, na hapo akaelewa jambo ambalo mabishano yote ya uani hayakumwonyesha: kwa watu hawa kitu hiki kilikuwa kitakatifu kweli.

Padri alikwenda nayo kanisani, akarudi.

"Umetuumiza, mwanangu," alisema. "Lakini umerudi kwa miguu yako na kusema kwa kinywa chako. Nimekusamehe."

Sista Léocadie akafungua kabati. "Jumatatu utasema haya mbele ya darasa. Na kanzu hii utampelekea Blandine wewe mwenyewe, leo."

Blandine aliipokea mlangoni kwao. Aliikunjua, kisha akainusa.

"Inanuka ndagala," alisema, na wote wawili wakacheka huku wakilia. "Hata minye nilikosa, Divine. Nilisema ubatizo wenu ni kuoga."

Jumapili mshumaa ulipita mbele ya wote, na Blandine nyuma yake ameinua kichwa kwa fahari. Watu walipojipanga kupokea, Divine, aliyekuja kwa ajili ya rafiki yake, alibaki amekaa, mikono yake imetulia mapajani.

Miezi michache baadaye ilikuwa zamu ya ziwa. Divine alizamishwa majini na mchungaji wao, akainuka akikohoa, maji yakimchuruzika, huku kanisa likiimba. Blandine alisimama mchangani na kitenge kikavu mikononi. Hakucheka, wala hakujali kwamba viatu vyake vililowa.

"Na ile hesabu yenu, imekubaliana?" Papa Toussaint aliwauliza.

"Bado, Papa," Divine alijibu akitetemeka kwa baridi. "Wao saba, sisi mbili."

"Mubishane tu, hakuna ubaya. Lakini kilicho kitakatifu kwa mwenzako usikichezee, hata kama kwako si hivyo. Na ukikosa, usingoje mwingine aadhibiwe ndipo ufungue kinywa. Sema mapema, sema mwenyewe."

"Ndiyo, Papa," walijibu wote wawili, na Blandine akamfunika rafiki yake kitenge.