Jina Aliloliruka Mwalimu Wabwile

Siku ya kwanza Mwalimu Wabwile alidhani ni masikio yake. Alikuwa akiita majina uwanjani asubuhi, na alipotoka kwa Nafula kwenda kwa Nekesa, sauti ndogo ikaitikia hapo katikati, "Niko, mwalimu," na harufu ya unga mbichi ikampita puani. Wasichana walikuwa wametulia kwenye mistari yao. Akaendelea kuita.

Jina la katikati lilikuwa la Nakhungu. Hakulikata, maana mkaguzi angeuliza sababu, aliliruka tu. Mtoto huyo alikufa mwezi wa pili mwaka huo wa 1949, baada ya Mwalimu Nyongesa kumwadhibu asage mahindi ya bweni zima kwenye jiwe, siku mbili, na homa mwilini. Wabwile alipita dirishani akasikia jiwe likisaga. Alisikia! Akaenda zake kunywa chai. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipoketi kwenye kumuse kumzungumzia marehemu, alisimama na tai yake shingoni, yeye mkuu wa shule, akasema ni malaria. Kisha akamhamishia Nyongesa shule ya Lwakhakha na barua nzuri ya sifa, ili shule yake isichafuke.

Wiki ile jiwe likaanza kusaga ofisini, mchana kweupe, chini ya meza yake, polepole, hata akainua miguu. Akanawa mikono, akanawa tena, na bado kila alichogusa, chaki, Biblia, shavu la binti yake mwenyewe, kilibaki na alama nyeupe za unga, alama za vidole vidogo ambavyo havikuwa vyake.

"Mama Edah," alimnong'oneza matroni, "wewe unasikia?"

"Sisi wote tunasikia, mwalimu. Tangu mwezi wa pili. Tulikuwa tunangoja wewe."

Akaitwa Mzee Wekoye, mganga wa pepo. Alinusa mlangoni tu, akakataa kuingia.

"Hii si jini ya kufukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto anangoja aitwe. Ulidanganya kwa kumuse mbele ya watu. Ukweli pia useme mbele ya watu."

"Nitafutwa kazi, mzee."

"Basi si ufutwe?"

Jumatatu Wabwile aliwaketisha wazazi wa Nakhungu mbele ya mistari, akaliita jina lake kwa nguvu. Akaeleza yote: jiwe, dirisha, chai. Mama mtu alilia bila kumtazama. Hakuna aliyeitikia. Harufu ikakatika, na ingawa aibu ilimchoma, Wabwile akavuta pumzi hadi tumboni kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Akashusha kidole kwenye orodha amwite Nekesa.

"Na mimi, mwalimu?" ikauliza sauti nyuma ya bega lake, sauti asiyoijua, na harufu ya unga ikarudi. "Mimi ni Chepkemoi. Wa shule ya Lwakhakha."