Nuru Kichwani kwa Eliana

Severina hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Mwanamke aliyefungua duka la picha pale Iguguno, kando ya barabara kuu, wakati kila mtu anamwambia simu zimeshaua biashara ya picha, huyo humtishi kirahisi. Jioni ile alitaka kitu kimoja tu: amalize kurasa nane za albamu ya marehemu Kristina, azipeleke kwa Agripina, mama wa marehemu, kabla giza halijaingia. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza msiba.

Kurasa hizo alizitengeneza kwenye laptop. Anapanga picha, anaandika majina, anazungushia maua, halafu anaweka nuru. Nuru ndiyo iliyompa jina. Nyuma ya kichwa cha marehemu, cha marehemu peke yake, anapaka mwanga laini wa rangi ya asali. Walio hai hawawekewi. Alianzisha mwenyewe, watu wakaipenda, na siku hizi ukifungua albamu yoyote pale Iguguno unajua nani ameshatangulia bila kuuliza.

Kwenye picha ya mwisho akakwama.

Kristina alikuwa pacha. Picha ilipigwa shambani, kwenye alizeti: wasichana wawili wa miaka kumi na tisa, magauni sare, nywele zimesukwa mtindo mmoja, na mama yao amesimama pembeni na jembe. Sasa Kristina ni yupi, na Eliana ni yupi? Akampigia Agripina simu. Haipatikani. Akapiga tena... haipatikani.

Ndipo akasikia harufu.

Udongo uliolowa. Mwezi wa nane, jamani, Singida nzima vumbi tupu, na mle dukani kunanuka mvua.

"Shikamoo, mama."

Akageuka. Msichana amesimama mlangoni, amejitanda kitenge mpaka kwenye paji la uso. Sura ni ileile ya kwenye picha. Severina akashusha pumzi. Eliana huyo, katumwa na mama yake. Akaitikia marahaba, akampa pole, akamwuliza marehemu ni yupi hapo. Msichana akaingia polepole. Hakukaa. Akanyoosha kidole, akagusa kioo cha laptop, kwa yule wa kushoto.

"Huyu," alinong'ona. "Nimemkumbuka sana."

Maneno hayo yalimchoma Severina, machozi yakamlengalenga. Hakutaka mtoto wa watu ayaone, kwa hiyo akainama kazini. Kwanza akatafuta jua la kwenye picha liko upande gani, maana ukiweka nuru inayopingana na vivuli, picha inakuwa ya uongo. Jua lilikuwa kulia. Akachukua brashi laini, akapaka nyuma ya kichwa, akapunguza ukali, akapaka tena mpaka nywele za pembeni zikashika rangi. Akachapa ukurasa. Alipogeuka amwonyeshe, mlangoni hapakuwa na mtu. Kwenye kioo, pale palipoguswa, pamebaki doa la tope. Akalifuta na kitambaa, akafunga duka, akaondoka na laptop yake begani kama kawaida.

Nyumbani kwa Agripina magodoro ya msiba yalikuwa bado chini sebuleni, majirani wameshaenda zao. Mama wa watu akafungua kurasa moja moja, akilia kimyakimya, akishukuru. Alipofika ya mwisho akaacha kulia.

"Severina... huyu ni Eliana."

Severina akasema Eliana mwenyewe ndiye aliyekuja dukani kumwonyesha, sasa hivi tu. Agripina akasema Eliana hajatoka nje ya nyumba hii tangu asubuhi. Alikuwa mzima, anachambua mchele wa kesho. Kama nusu saa iliyopita akashikwa na baridi ya ajabu, na sasa amelala pale.

Kwenye godoro la ukutani, chini ya mablanketi matatu, kulikuwa na mtu anatetemeka.

"Mama," sauti ya Eliana ikatoka, nyembamba. "Kristina kanilalia mgongoni. Ana baridi sana."

Nusu saa iliyopita ndipo Severina alipokuwa anapaka ile nuru. Akamwelewa yule msichana wa mlangoni, akajua na yeye mwenyewe amefanya nini: amemwekea aliye hai nuru ya marehemu.

Akafungua laptop. Akaifuta nuru kwa Eliana, akaipaka kwa Kristina, pale ilipostahili tangu mwanzo. Wakasubiri. Mtetemeko haukukoma. Midomo ya binti ikaanza kuwa ya kijivu.

"Anasema huko ni giza," Eliana alinong'ona. "Hataki kulala peke yake."

Agripina akakaa chini palepale sakafuni. Tangu utotoni, alisema, Kristina aliogopa giza, analala kaubana mgongo wa mwenzake mpaka kunakucha. Siku arobaini mama huyu alikuwa anaomba asikie habari ya mwanawe aliyemzika, hata neno moja. Sasa ameipata, na habari yenyewe ni kwamba mtoto anaogopa na hana wa kumshika. Uchungu ule uliizidi hofu yake. Akasogea kwenye laptop, akaweka kidole kwenye picha yake mwenyewe, pale aliposhika jembe.

"Niwekee mimi."

Severina akakataa. Akataka aitwe mchungaji, itafutwe gari wakimbie hospitali, akasema kila alichoweza kusema. Agripina akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Nimezaa wawili, mdogo wangu. Huyu siwezi kumtoa, na yule siwezi kumwacha kwenye baridi. Niwekee."

Kwenye godoro, Eliana alikuwa ameanza kupumua kwa shida. Basi Severina akapaka. Analia, anapaka. Nuru ikakaa nyuma ya kilemba cha mama, jua la kulia, vivuli vikakubali. Katika kazi zake zote haijawahi kukaa vizuri namna ile.

Mtetemeko ukakoma.

Eliana akavuta pumzi ndefu. Akasukuma blanketi moja, akasukuma la pili, akasema ana jasho. Akaomba uji.

Na ile harufu ya udongo... ikajaa sebule nzima.

Mpaka leo Severina hajui alichofanya jioni ile ni wema au ni kuua, na ukimwuliza atakuomba umwache. Anachokijua ni alichokiona. Agripina alimimina uji kutoka kwenye chupa ya chai, akamnywesha binti yake, akamfuta mdomo. Akavua viatu. Akajilaza kwenye godoro la pili, kwa ubavu, mgongo kaupa ukuta, akajifunika. Halafu akasogea mbele kidogo, akaacha nafasi nyuma yake.

"Haya mwanangu," alisema taratibu. "Njoo."

Godoro likabonyea.