Zelig Gershon, Mwana wa Gershon

"Anshel," alisema Gershon kwa mara ya pili. "Maana yake mwenye furaha. Au unataka mtoto wa huzuni?"

"Nataka jina la baba yangu," alisema Henye. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto ananyonya. "Tulikubaliana siku tuliyomzika. Wewe mwenyewe ulinishika mkono pale kaburini ukasema, Henye, akizaliwa wa kiume ataitwa Zelig."

"Zelig jina la kizee. Watoto wenzake watamcheka."

"Na Anshel ndiyo la kijana?"

"Ni la kaka yake babu yangu. Alikufa bila mtoto, masikini. Hana wa kumrithi jina."

Katika Wayahudi wa pale Montreal, mtoto hupewa jina la ndugu aliyefariki, ili jina lisioze ardhini pamoja naye. Mzee Zelig alikufa na theluji ya mwaka jana, na tangu hapo kila teke la tumboni Henye alilijibu kwa jina hilo. Kesho mtoto anatahiriwa, halafu jina linakwenda kwa marehemu asiyemjua. Roho ilimuuma sana.

"Mama yako hajawahi kumtaja huyo Anshel."

"Mama anasahau. Na usimwambie mtu. Unajua jina halitoki nje kabla ya tohara."

Kujua alijua. Mpaka mtoto atahiriwe, jina ni siri ya mume na mke. Hata mama mkwe haulizi.

Asubuhi Gershon akaingia kuoga, simu yake akaiacha juu ya nepi. Ikalia. Henye si mpekuzi, nakwambia, lakini maneno yalikuwa yamejianika yenyewe kwenye kioo:

"Anshel wetu ameamkaje? Jana nililia kwa furaha. Umempa mwanao jina la baba yangu, sasa naamini unanipenda mimi, si yeye. Nakuja na keki ya asali. Perl."

Perl, anayeuza taa dukani pamoja na Gershon. Perl aliyefiwa na baba yake wakati Henye ana mimba changa. Yule mzee watu wote walimwita kwa jina la ukoo, Blaustein, na Henye hakuwahi kuuliza jina lake la kwanza. Alichofanya ni kumpelekea binti yake supu matanga yote, huku kichefuchefu kimemkaba, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe.

Hakulia. Alimpigia simu Fishel, mdogo wake marehemu baba yake.

"Baba mdogo, leo wewe ndiye unayetamka jina?"

"Mimi, mwanangu. Gershon ataninong'oneza."

"Akikunong'oneza, itikia tu kwa kichwa. Halafu utamke nitakalokwambia mimi."

Akamwambia.

"Henye, mumeo yuko hai. Kwetu kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai ni kumzika. Hilo hutamkwa kwa mtoto wa mjane tu."

"Basi leo unamtamkia mjane."

Akamsomea ule ujumbe, neno kwa neno. Fishel akashusha pumzi.

"Alimuahidi ndugu yangu kaburini," alisema. "Haya. Niachie mimi."

Kabla ya adhuhuri sebule ilishajaa. Samaki wa chumvi mezani, mikate ya duara, wanaume na kofia zao. Perl akaja na keki, akambusu Henye mashavu yote mawili.

"Hongera, dada. Mmemchagulia jina zuri?"

"Zuri sana, mdogo wangu. Litakugusa."

Perl akatabasamu, akamtupia jicho Gershon. Henye aliliona.

Gershon akainama sikioni kwa Fishel, akanong'ona. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mtoto akatahiriwa, akalia, akadondoshewa tone la divai mdomoni. Fishel akainua kikombe.

"Na jina lake katika Israeli liitwe Zelig Gershon, mwana wa Gershon."

Kila mtu mle ndani alijua baba na mwana hawaitwi jina moja isipokuwa baba awe kaburini. Bibi mmoja asiyesikia vizuri akamgeukia jirani yake, na sauti yake ni ya kiziwi:

"Gershon amekufa lini? Mbona sikuambiwa?"

"Baba mdogo, umekosea," alisema Gershon. Uso ulimpauka.

"Sijakosea. Nimetamka alilotaka mama mtoto."

"Henye, mimi niko hai."

"Majina mawili, marehemu wawili," alisema Henye. "Baba yangu na mume wangu. Si unapenda maana za majina? Zelig ni mwenye heri. Gershon je?"

Gershon akamtazama mama yake.

"Ni aliyefukuzwa. Nguo zako nimeshazifunga, ziko mlangoni."

Akampa simu yake aliyoificha tangu asubuhi, ule ujumbe ukiwa juu. Mama yake Gershon akauona kabla mwanawe hajaificha, akafunika uso kwa kiganja.

"Nimshike mwanangu kwanza," Gershon alisema. "Mara moja tu, Henye."

"Huyu ni yatima. Kamshike Anshel wenu."

Gershon akamgeukia Perl. Perl alikuwa ameshachukua koti lake, na Gershon alipomsogelea alijibana ukutani kumpisha, kama watu wanavyopisha jeneza. Perl akatoka peke yake. Gershon akabeba mabegi yake na kushuka ngazi, na hakuna aliyemsindikiza.

Henye akaikata keki ya asali vipande vikubwa. Cha kwanza akampelekea yule bibi. Bibi akamshika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Nimeshapoa, bibi," alisema Henye. "Kula keki."