Mkono Uliompokea Ufukweni

Rafiki yangu huyu nimesoma naye chuo, na si mtu wa kutunga mambo. Kazi yake ni kuandaa na kusoma redioni utabiri wa hali ya hewa ya pwani. Ofisini kwao huchukua taarifa ya jana na kubadilisha tarakimu. Siku hiyo alibadilisha za upepo, akasahau za mawimbi, akatangaza bahari shwari. Mdogo wake, mzamiaji, alimsikia, akatoka na mashua peke yake, redio ndogo isiyoingia maji ikiwa kiunoni.

Alasiri wingu zito lilifunika kila kitu na umeme ukakatika. Rafiki yangu akabaki gizani na redio ya mawasiliano ya betri, ambayo ilikuwa inakoroma tu.

"Wewe mtoto, rudi! Nimekosea! Mawimbi ni makubwa, na mkondo wa ufukweni unavuta watu ndani. Nijibu, nakuomba!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Ghafla mkoromo ukakoma, na mdogo wake akacheka.

"Dada nawe kwa vituko! Mashua imezama, lakini si umenitoa majini mwenyewe? Sasa kelele za redioni za nini, na uko hapa umenishika mkono?"

"Mimi niko ofisini," alisema rafiki yangu. "Nani amekushika?"

"Acha utani. Kiza hiki hata uso wako siuoni." Nyuma yake mawimbi yalikuwa yanavuma, kila mara karibu zaidi. "Lakini polepole basi, dada, unaniumiza. Mbona tunarudi kwenye maji?"