Flashi Isiyomfikia Gracieuse

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Butembo Kaswera alipobisha hodi kwenye studio ya Lusenge, huko Mususa, kamera shingoni na mtoto mgongoni. Mtu anayepeleka kamera kwa mwenzake huomba iwe imeharibika kidogo tu. Kaswera yeye aliomba iwe imekufa kabisa. Alitaka kuambiwa kwamba kosa ni la kamera, wala si la mtoto.

"Yaya Lusenge, angalia hii appareil. Flashi hapana inafika."

Lusenge alikuwa binamu yake mkubwa, mpiga picha kama yeye, na mtu wa mizaha. "Karibu, concurrente yangu, mushindani wangu! Leo unaniletea kazi?"

Alimtazama mtoto, akaacha mzaha.

Picha zilizokuwa ndani ya kamera zilikuwa za msiba wa Beni, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Beu. Gracieuse, mdogo wake Kaswera, alifariki kabla ya kuolewa, kwa hiyo walimvika gauni jeupe la bibi harusi azikwe nalo, kama watu wanavyofanya. Kando ya jeneza lililo wazi alisimama binti pekee wa Kaswera, ndoyi wa marehemu, maana alipewa jina lake: Gracieuse. Gauni liling'aa hadi macho yakauma. Mtoto na ukuta wa nyuma vilikuwa giza tupu.

Lusenge akashusha pumzi. "Aa, dada. Hii hapana panne, appareil iko muzima. Flashi inatuma kwanza mwanga kidogo, inapima ile yenye inarudi. Kama kitu cheupe kiko karibu, inawaza mwanga umetosha, inakata. Ni ile robe nyeupe ndiyo ilidanganya appareil."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Kaswera nusura alie kwa furaha. Lakini hakuinuka kwenye kiti.

"Basi mupige mutoto hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa robe haiko."

Tangu warudi Beni mtoto hakuwa akila. Kwenye zahanati walimtoa damu, wakapima, wasione kitu. Alikuwa wa baridi hata chini ya blanketi mbili, na kila asubuhi mama yake alimwona amepungua. Kaswera alimpiga picha mlangoni, uani, kitandani. Zote zilikuwa giza, na kila moja ilizidi iliyotangulia.

Lusenge akatundika kitambaa cheusi, akawasha taa yake ya sola. Kwa kamera ya Kaswera, akaanza na Kaswera mwenyewe.

Klak.

Safi. Hata jasho la shingoni lilionekana.

Kisha mtoto.

Klak.

Giza.

"Batterie labda," Lusenge akasema. Akaweka iliyojaa. Giza. Akatoa kile kikinga-jua cha mbele ya lenzi, maana flashi ya ndani iko chini na huzibwa kwa urahisi. Giza. Akasogea karibu, kwa kuwa flashi ndogo kama ile huishiwa nguvu ikivuka chumba. Akapandisha ISO hadi mwisho, kamera ishike mwanga zaidi. Mtoto akazidi kufifia, kama mtu anayerudi nyuma bila kutembea.

Akachukua kamera yake mwenyewe.

Klak...

Giza.

Hapo Lusenge akashusha mikono. Alichokisema, alikisema kwa kunong'ona.

"Donc... kitu kiko mbele yake."

"Kitu gani?"

"Cheupe. Kiko karibu na sisi kumupita yeye."

Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na sakafu ya saruji, na kiti, na mtoto. Lakini harufu ilikuwepo sasa. Harufu kali, ya kuchoma pua... Formole. Dawa ya morgue, ya kuhifadhia maiti.

Kaswera akapiga magoti. "Gracieuse, mama, uko na nani hapo?"

"Na tantine wa robe."

"Mnafanya nini?"

"Namukamata mukono. Ni weye ulisemaka."

Kaswera alikumbuka. Kule Beu jioni ilikuwa inaingia, wanaume wamesimama na kifuniko, kila mtu akiharakisha kuzika ili awahi kwake kabla barabara hazijafungwa. Flashi ilikuwa haifiki. Naye, kama wapiga picha wote wanavyowaambia watoto, alimwambia binti yake: sogea, mukamate tantine mukono, hapana achia mpaka niseme basi. Picha ikatoka giza. Mtu akambeba mtoto pembeni, kifuniko kikafungwa, vilio vikapanda. Neno basi hakulisema. Na huyu alikuwa mtoto mtiifu.

"Basi!" alilia. "Basi, mama! Achia! Picha imeisha!"

Mtoto akafungua vidole. Vyote.

Akatazama juu, mahali ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa.

"Miye naachia," akanong'ona. "Mais yeye hapana anaachia."

Kwenye kifundo cha mkono wake ngozi ilikuwa imebonyea. Mashimo manne upande mmoja, moja upande wa pili.

"Ee Nyamuhanga, Mungu..." Lusenge akaanza Salamu Maria, maneno yakampotea katikati. Kaswera hakusali. Aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na chini ya hasira kulikuwa na huruma ambayo hakuitaka.

"Gracieuse, mudogo wangu," alisema. "Huyu iko mutoto. Hapana ajue njia. Tangu butoto ulikuwa unaogopa giza, na nani alikuwa anakupeleka inje? Ni miye. Achia wake. Kamata wangu."

Akanyoosha mkono wa kuume mbele, hewani.

Akangoja.

Baridi ikamkamata kiganja.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akakaa sakafuni. "Mama, njaa."

Lusenge akapiga picha. Klak! Mtoto akatoka mweupe kwa mwanga, machozi na makamasi na yote. "Imefika!" alipiga kelele, akicheka na kulia. "Dada, flashi imefika!" Na kwa mazoea tu akaigeuza kamera upande wa Kaswera.

"Hapana," alisema Kaswera. "Hapana unipige miye."

Akamwomba amsaidie kumbeba mtoto hadi nyumbani. Lusenge akashangaa: mbona mtoto ni mwepesi, na yeye ndiye mama? Kaswera akajaribu kukunja vidole vya mkono wa kuume, ule wa kubonyezea kamera. Vilikataa.

"Huu mukono haiko tena na nafasi," alisema.

Wakatoka. Lusenge alitangulia na mtoto begani, mtoto akitafuna mkate. Kaswera alifuata polepole kando ya njia, akiacha nafasi ya mtu mmoja.