Nguo Iliyokatwa Haitupwi

Mkono wa kushoto wa kigauni cha mtoto ulishonwa Jumatatu, ukafumuliwa. Ukashonwa tena Jumanne, ukafumuliwa tena. Na aliyefumua hakuwa panya, maana panya hana adabu. Huyu alikuwa ametoa uzi mzima mzima bila kuukata, akauviringa vizuri, akauweka juu ya meza ya cherehani kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Bi Pini aliutazama uzi ule, na uzi nao kama ukamtazama.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alifanya kazi na pini kumi na mbili midomoni, na mwenye pini kumi na mbili midomoni hasemi. Ukimsalimu, anaguna. Ukimsifu, anaguna. Ukimtukana anaguna pia, tofauti iko kwenye nyusi. Kwa hiyo mimba yake ilipofika miezi minane, miguu ikavimba mpaka viatu vikamkana, pete ikagoma kutoka kidoleni, na kichwa kikawa kinamgonga kama kuna fundi mwashi humo ndani anabomoa ukuta, hakuna aliyejua. Aliguna tu.

Duka lilikuwa la mama mkwe wake, Mama Mkasi, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitambaa akiwa chumba cha pili. Alizaa watoto saba, na wote saba aliwazaa upya kila siku mbele ya wateja.

"Wa tatu nilimzaa njiani nikitoka kuchota maji," alikuwa akisema. "Nikarudi nyumbani, ndoo mkono huu, mtoto mkono huu. Na maji hayakumwagika! Nyinyi wa siku hizi mkipiga chafya, hospitali. Mimba si ugonjwa, mwanangu. Nyamaza ushone."

Bi Pini aliwahi kwenda kliniki mwezi wa tano kueleza maumivu ya tumbo. Ikawa gesi. Muuguzi alilitamka neno hilo kwa sauti ya kuuza samaki, benchi zima la wajawazito likacheka, na habari ikafika dukani kabla yake. Mwezi mzima Mama Mkasi aliwasimulia wateja. "Mkwe wangu alienda kuzaa upepo!" Tangu siku hiyo Bi Pini aliapa kwamba hata akiota pembe, atazishonea kofia, lakini kwa daktari hakanyagi.

Kigauni chenyewe kilitoka kwenye droo ya chini. Mama Mkasi alikikung'uta vumbi na kumrushia. "Umalizie hiki. Kimebaki mkono mmoja. Alikiacha marehemu."

Marehemu alikuwa mke wa kwanza wa mwanawe. Miaka mitatu iliyopita, naye akiwa na mimba ya miezi minane, aliangusha paji la uso juu ya cherehani la pembeni na hakuliinua tena. "Ghafla tu," Mama Mkasi aliwaambia watu msibani. Cherehani lile likafunikwa shuka.

"Mama, kitu cha marehemu..." Bi Pini alijaribu.

"Sheria ya hapa unaijua. Nguo iliyokatwa haitupwi. Na utumie cherehani lake, bobini ina uzi wa rangi hiyohiyo."

Mafundi wengine wangeogopa. Lakini katika duka lile kuharibu kitambaa kulikuwa dhambi kubwa kuliko kuamsha wafu. Shuka ikavuliwa.

Jumatano, saa ya mapumziko, Bi Pini alibaki peke yake. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati. Alikaa mbele ya cherehani la marehemu, mikono juu ya tumbo, miguu mbali kabisa na kanyagio. Mtoto akampiga teke.

Sindano ikashuka mara moja. *Tak.*

Akaguna. Mtoto akapiga mawili. *Tak, tak.* Kanyagio likainama lenyewe, taratibu, kama linavyoinama chini ya mguu wenye uvimbe. Chini ya sindano kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe ambacho hakukiweka yeye, na juu yake mishono midogo, mmoja kwa kila teke. Kisha ikaja harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, ingawa pasi zote zilikuwa baridi, na chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine, ya chuma kilicholowa.

Alihesabu mishono. Arobaini. Alhamisi akahesabu tena, ikawa kumi na mmoja.

Jioni alimfuata mumewe, fundi wa kutengeneza cherehani, mtu wa miraba minne ambaye akisikia kikohozi cha mama yake hugeuka mtoto wa chekechea.

"Mume wangu," alinong'ona, "mtoto anacheza kidogo sana."

"Kalala."

"Siku nzima?"

"Si kafuata ukoo wa baba yake." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Niambie ukweli. Marehemu aliumwa nini?"

Bisibisi ikamponyoka. Akatazama mlangoni kwanza. "Kichwa," alisema kwa sauti ya chini. "Na alisema anaona vimulimuli mchana. Siku tatu alimwomba mama apelekwe hospitali. Mama akasema..."

Chumba cha pili, Mama Mkasi akakohoa. Fundi akaokota bisibisi na kwenda kutengeneza cherehani lililokuwa zima.

Ijumaa asubuhi vimulimuli vikaanza kuelea mbele ya macho ya Bi Pini, na mishono ilikuwa mitatu. Baada ya adhuhuri alikaa akingoja wa nne. Alijigeuza ubavu. Alikunywa maji baridi. Alijigonga tumbo kwa vidole kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jamaa. Sindano ilisimama juu, ikimeta, haishuki. Alikuwa amelizoea *tak* lile la kutisha, na sasa angetoa chochote duniani alisikie mara moja tu. Akajua kwamba lazima aseme, na bado aliona benchi lile likicheka.

Mama Mkasi akaingia. "Siku ya tano hii! Mkono mmoja wa kigauni umekushinda? Umekaa umeshika tumbo kama umeiba tikiti. Hebu toka."

"Mama, usikalie kiti hicho," Bi Pini alisema, pini zikimtikisika midomoni. "Mama, mtoto..."

"Mtoto, mtoto! Hata marehemu alianza hivihivi, kelele tupu!" Akajitupa kitini, akavuta kigauni, akaweka mguu kwenye kanyagio. "Nimekwambia mara ngapi? Mimba si..."

Hakumaliza, kwa sababu kanyagio lilimvuta mguu likaanza kwenda lenyewe, kwanza polepole, kisha kwa kasi ambayo hakuna fundi aliyewahi kuifikia, gurudumu likilia, harufu ya nguo inayoungua ikijaa chumba mpaka macho yakatoka machozi, na mkono wa gauni lake ukaingia chini ya sindano ukashonwa mezani kwa mishono midogo iliyonyooka, mishono ambayo kila mtu pale dukani aliijua kwa sababu wateja walikuwa wakiiomba kwa jina la aliyekufa, na Bi Pini alipoinua macho kwenye kioo kirefu cha kujaribia nguo akaona nyuma ya mama mkwe wake mwanamke amesimama, tumbo lake kubwa, uso umevimba, alama ya bamba la cherehani ikiwa bado kwenye paji la uso, akilowesha ncha ya uzi kwa midomo kama mafundi wanavyofanya kabla ya kutunga sindano, bila haraka, kama mtu aliyengoja miaka mitatu na hajali kungoja dakika moja zaidi, kisha akainama sikioni mwa Mama Mkasi na kumwambia neno moja ambalo Mama Mkasi mwenyewe alikuwa amelisema mara nyingi.

"Nyamaza."

Mama Mkasi alipogeuka, midomo yake ilikuwa imeshonwa. Uzi mweupe, mishono tisa, bila tone la damu.

Mumewe Bi Pini alikuja mbio, akaona, akatoka mbio zaidi. Alirudi na mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene aliyebeba mkoba na kuhema kama mvukuto. Wateja walimwita Mtaalamu.

"Kuna jini hapa," alisema Mtaalamu akinusa.

"Tumeshaona!" alilia fundi.

"Nyamaza, bwana, kila kazi ina utangulizi wake." Akafukiza ubani, akalikaribia cherehani. "Wewe mwenye hasira, nakuuliza. Ndiyo, mshono mmoja. Hapana, miwili. Umemfuata mtoto?"

*Tak, tak.*

"Umemfuata mama wa mtoto?"

*Tak, tak.*

"Umemfuata huyu?" Akamnyooshea kidole Mama Mkasi.

*Tak.* Na gauni likavutwa inchi nyingine, kiwiko kikagusa chuma.

Mtaalamu akamwinamia mwanamke aliyeshonwa. "Marehemu alikwambia anaumwa?"

Mama Mkasi akatikisa kichwa kukataa. Sindano ikashuka kwenye kidole chake gumba, ikapenya ukucha. Sauti iliyotoka puani mwake hakuna aliyetaka kuisikia mara ya pili.

"Alikuomba hospitali?"

Safari hii alikubali kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakimtiririka. Cherehani likatulia. Ndipo Mtaalamu akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama Bi Pini. Akatazama miguu. Akabonyeza kifundo, shimo la kidole likabaki palepale.

"Na wewe una nini?"

Bi Pini akaguna.

"Sikuulizi nyusi, binti! Nakuuliza mdomo!"

Bi Pini akainama na kutema pini zote kumi na mbili. "Kichwa kinanipasuka siku ya tano," alisema, na maneno yakawa yanamwagika kama vifungo kutoka kopo. "Naona vimulimuli. Hapa chini ya mbavu panachoma. Mtoto hajacheza tangu asubuhi. Naogopa. Niliogopa mtanicheka."

Mtaalamu akazima ubani kwa kiganja. "Sikilizeni. Mimi natoa majini. Presha sitoi! Gari, upesi!"

Fundi, ambaye hakuwahi kumpinga mama yake hata kwenye rangi ya soksi, alimbeba mkewe mikononi na kupita mbele ya mama huyo bila kuomba ruhusa.

Hospitalini hakuna aliyecheka. Muuguzi alifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi mwa Bi Pini, akakipuliza, akasoma, akasoma tena, kisha akapiga kelele kumwita daktari. "Angelala nyumbani leo," daktari alimwambia fundi huku akikimbiza kitanda, "kesho ungekuja kuchukua maiti mbili." Wakampasua saa hiyohiyo. Mtoto aliyetolewa saa kumi na robo alikuwa wa kike, mdogo kama mkate, na akalia kwa hasira kama ametumwa kudai kitu.

Mtaalamu, aliyebaki dukani, alisema kwamba saa kumi na robo mishono tisa ilifumuka yenyewe, uzi ukatoka mzima bila kukatika, ukajiviringa mezani. Mama Mkasi alivuta pumzi kwa kinywa. Neno la kwanza alilotamka ni jina la marehemu, ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka mitatu.

Wiki mbili baadaye Bi Pini alirudi na mtoto. Kigauni kilikuwa kinaning'inia karibu na kioo, kimekamilika, mikono yote miwili. Wakamvika mtoto, kikamkaa vizuri.

Nyuma ya mahali kilipokuwa kigauni kulikuwa na nguo nyingine. Nyeupe, ndefu, haina kola, haina mfuko, imekatwa tu, haijashonwa. Fundi alichukua tepu ya kupimia, akaipima mara mbili, akakunja tepu. Vilikuwa vipimo vya mama yake.

Mama Mkasi aliitazama, akaijua kuwa ni sanda yake. Kuichoma hakuweza, sheria alikuwa ameitunga mwenyewe.

Inaning'inia mpaka leo. Wajawazito huja kupimwa magauni, na mmoja akishika kichwa na kuanza, "Eti mama, mimi siku hizi..." Mama Mkasi humkatiza kabla hajamaliza: "Hospitali! Nenda sasa hivi! Wakicheka, wacheke, niite nikacheke nao!" Wateja humsifu. Mama yule ana roho nzuri, wanasema.

Hawajui kwamba ulimi wa miaka sitini hauachi mazoea kirahisi. Mara chache umemponyoka, na kila ulipomponyoka, cherehani la pembeni limesikika chini ya shuka, *tak*, *tak*, *tak*, na mishono ikapanda ubavu wa nguo ile nyeupe.

Umebaki upande mmoja tu.